Nani Atalipa Kodi ya Ofisi?

Kaskazini Mashariki mwa Kenya mwaka una misimu minne, na mfugaji huitaja kwa majina yake ya Kisomali: Gu, mvua ndefu zinazoanza kati ya Machi na Aprili, Hagaa, ukavu unaofuata, Deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, kisha Jilaal, kiangazi kinachomaliza malisho pamoja na subira. Wafadhili nao wana misimu yao. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, wa Uingereza mwezi Aprili, wa Kenya tarehe 1 Julai. Shirika dogo la Garissa linaloishi kwa ruzuku hufuata kalenda zote hizi kwa pamoja, na mara nyingi inayoamua kama kazi itafanyika si ile ya mawingu. Mradi wa ukame ulioombewa fedha wakati wa Jilaal unaweza kuzipata Mto Tana ukiwa umeshavunja kingo zake. Hapo ripoti ya robo mwaka itaeleza, kwa lugha ya heshima, kwamba utekelezaji uliathiriwa na mafuriko.

Mashirika ninayoyasema si yale ya magari meupe yenye antena ndefu. Ni yale yaliyozaliwa humu humu: Womankind Kenya na Pastoralist Girls Initiative za mjini Garissa, WASDA ya Wajir Kusini, ALDEF ya Wajir, RACIDA ya Mandera, na mengine mengi ambayo majina yao hayajavuka mpaka wa kaunti. Hukarabati visima na mabwawa, huwalipia wasichana karo, husambaza maji kwa malori wakati wa kiu, huketi na wazee maji au malisho yanapoleta ugomvi. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Garissa, Wajir na Mandera zina watu wapatao milioni 2.5, na Garissa peke yake ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 44,000. Katika eneo kubwa namna hiyo, watu hawa ndio wanaojua kisima kipi kimekauka, njia ipi haipitiki, na mzee yupi asipoarifiwa mkutano hautakuwa mkutano.

Nguvu yao, basi, ni kwamba wapo leo na watakuwapo mwaka ujao. Lakini ukizipitia bajeti za ruzuku zinazowafikia, utaona zinalipia kila kitu isipokuwa hilo. Zinalipia warsha, mgao wa chakula, dizeli ya jenereta ya kisima, mabango yenye nembo ya mfadhili. Mradi ukifungwa mwezi wa kumi na mbili, mhasibu anaachishwa kazi, gari linarudishwa, na mwenye nyumba anabisha hodi. Kisha ukame mwingine unakuja, mfadhili anarudi, na anashangaa kukuta shirika lisilo na mhasibu. Anaandika kwamba wenyeji hawana uwezo, na anatenga fedha za kuwajengea.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapa, turudi nyuma kidogo. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliotangaza Ujamaa wa Kiafrika kama njia ya Kenya, ulieleza kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe kwanza penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ili faida yake isambazwe baadaye kwingineko. Miaka 60 imepita na faida hiyo bado iko njiani. Huenda imekwama Mwingi. Wakati huo eneo hili, wilaya ya mpakani ya kaskazini ya zamani, lilikuwa vitani, katika vita vilivyoitwa vya Shifta, na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 haikuondolewa hadi Novemba 1991. Katikati ya miaka hiyo kuna Bulla Karatasi, Garissa, Novemba 1980, na uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Mauaji mawili ambayo familia bado zinayadaia haki. Kwa karibu miaka 30, serikali ilijulikana huku kwa msako zaidi kuliko kwa zahanati.

Pengo la namna hiyo halibaki wazi. Watoto walioachwa na vita vya Shifta walipata makao Garissa kwa juhudi za Young Muslim Association, chama cha Waislamu wa Nairobi kilichoanzisha Garissa Muslim Children's Home. Misikiti na madrasa zilifanya kazi ya ustawi wa jamii kabla ya kuwapo ofisi yenye jina hilo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo matatu yakakutana: Sheria ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 1990, kuondolewa kwa hali ya hatari, na kuanguka kwa serikali ya Somalia. Walimu, wauguzi na watumishi wa umma waliokuwa wakisaidia jamaa zao kimyakimya sasa waliweza kusajili chama, kuchonga muhuri na kufungua akaunti. Sophia Abdi Noor, mwanzilishi wa Womankind Kenya, alitoka katika kazi hiyo hadi siasa, na mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Ijara, mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha eneo bunge katika Kaskazini Mashariki. Wapigakura walikuwa wamemwona kwa miaka mingi kabla ya kuliona bango lake.

Lakini fedha kubwa hazikuja kwa ajili ya Garissa. Zilikuja kwa ajili ya Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa kuanzia 1991 kwa mpango wa kuhifadhi watu 90,000. Njaa ya 2011 ilipovuma, zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 460,000, wengi kuliko wakazi wa mji wa Garissa mara kadhaa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli baadhi ya wenyeji walipona: kulikuwa na kazi za udereva, zabuni za kuni na maji, nyumba za kupangisha. Lakini wenyeji wengi waliona kituo cha afya cha kambi kikiwa na dawa ilhali zahanati ya kijiji jirani ina kufuli. Mfadhili aliyekuwa na fedha za wakimbizi hakuruhusiwa kuzitumia kwa mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote hatua chache kutoka uzio, kwa kuwa mfugaji huyo alikuwa na kitambulisho cha Kenya. Ndani ya kambi nako, mkimbizi aliyefanya kazi ya ukunga au ualimu kando ya mwajiriwa wa shirika alilipwa posho ya motisha badala ya mshahara. Motisha hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa mwenzake. Bila shaka ilimtia hamasa.

Fedha hizo hushuka kwa ngazi. Chukua Mfuko Mkuu wa Dharura wa Umoja wa Mataifa, CERF, ambao mara kwa mara umetoa fedha za ukame kwa Kenya. Kwa kanuni zake, mfuko huo huyapa fedha mashirika ya Umoja wa Mataifa. Shirika la Wajir haliwezi kuuomba moja kwa moja. Kwa hiyo fedha huingia katika shirika la Umoja wa Mataifa, ambalo hukata asilimia 7 hivi kwa gharama zake za makao makuu. Huenda zikapita katika shirika la kimataifa lenye ofisi Nairobi, nalo likakata zake. Zinapofika Habaswein, Wajir Kusini, mkataba unasema bayana kwamba gharama za utawala hazilipwi. Kodi ya ofisi ya Geneva ni gharama halali ya kuokoa maisha. Kodi ya ofisi ya Habaswein ni matumizi ya anasa.

Mwezi Mei 2016, mjini Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika makubwa walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu ziende kwa mashirika ya nchini na ya mashinani, kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika na kupita, na kile kilichofika moja kwa moja hakikukaribia hata nusu ya ahadi hiyo. Novemba 2021, Samantha Power, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alitoa ahadi kama hiyo kwa fedha za shirika lake. Mwaka uliofuata kiwango kilikuwa karibu asilimia 10. Miongoni mwa waliopigia kelele jambo hili katika mikutano ya dunia ni Degan Ali wa Adeso, shirika lililoanzishwa na mama yake, Fatima Jibrell, na linalofanya kazi Somalia na kaskazini mwa Kenya. Ujumbe wake haukuwapendeza wote: kwamba wanaosimamia kugatua madaraka ndio watakaoyapoteza, na hakuna anayeharakisha kazi ya namna hiyo.

Tukirudi kwenye gharama za uendeshaji, jambo hili lilishaamuliwa zamani, tena katika kitabu ambacho karibu kila nyumba ya Garissa inacho. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi manane yanayostahili zaka. Baada ya mafakiri na maskini, kundi la tatu ni wale wanaozitumikia: wakusanyaji na wagawaji. Yaani sheria ya Kiislamu, kabla ya kuwapo programu ya mahesabu, ilikubali kwamba mgawaji naye hula, na ikamwekea fungu la halali ili asijitafutie la haramu. Viwango vyenyewe havihitaji fomu ya kurasa 40. Mwenye ngamia watano hutoa mbuzi au kondoo mmoja. Mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja. Kanuni za ruzuku za Marekani nazo ziliwahi kusogea upande huo. Shirika lisilo na makubaliano maalumu liliruhusiwa kudai asilimia 10 kwa gharama zake za jumla, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi 15. Chini ya miezi minne baadaye ruzuku zenyewe zikasimamishwa.

Kukaa kunaleta nini hasa? Tazama Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya ukame mkali na silaha kumiminika kutoka Somalia, koo za Wajir ziliuana kwa malisho, maji na siasa, hadi mwanamke wa ukoo mmoja akaogopa kununua maziwa kwa wa ukoo mwingine sokoni. Mwaka 1993 kundi la wanawake, miongoni mwao mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, lilianza na soko. Walizunguka wakihakikisha kila mwanamke anauza na kununua, wakaenda kwa wazee, wakaenda kwa vijana, wakaenda serikalini. Mwanzoni walijichangisha wenyewe. Kufikia 1995 kazi yao na ya makundi mengine iliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya kamati ya wilaya, na mfano huo ukaja kuigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Jaribu sasa kuandika pendekezo la mradi la kazi ile ya 1993. Kiashiria cha mafanikio: idadi ya mapigano ambayo hayakutokea. Njia ya kuthibitisha: picha za watu wasiopigana. Muda: haujulikani. Bajeti: nauli, chai, na uhuru wa kuondoka saa nane usiku kwenda Griftu kwa sababu mtu amepiga simu ya upepo. Mfadhili mwenye busara angelipa. Mwenye fomu angerudisha maombi akitaka mfumo wa kimantiki ufafanuliwe zaidi.

Au mtazame Annalena Tonelli, mwanasheria wa Kiitaliano aliyekuja Kenya 1969 na kukita mizizi Wajir. Hakuwa mwenyeji, lakini alielewa maana ya kukaa kuliko wengi wenye pasipoti ya Kenya. Tatizo la kifua kikuu kwa wafugaji lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitatua. Dawa zilihitaji miezi mingi, na mgonjwa anayefuata ngamia huanza dozi na kuiacha. Mwaka 1976 akaanza mpango wa kuwakaribisha wagonjwa wahamie Wajir na kusimamisha manyatta zao kando ya kituo, wameze dawa mbele ya macho ya mhudumu kwa miezi sita. Tiba ya namna hiyo ya kusimamiwa ilikuja baadaye kuwa sera ya Shirika la Afya Duniani. Nani alilipa? Sehemu kubwa ilitoka kwa kamati ya watu wa kawaida wa mji wake wa Forlì, iliyoendelea kumchangia mwaka hadi mwaka bila kumtaka abadilishe kazi kila mada mpya ilipopendwa Ulaya. Mauaji ya Wagalla yalipotokea alihudumia majeruhi na kusaidia habari kuvuka mipaka, na hatimaye akalazimishwa kuondoka nchini. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka uleule aliotunukiwa tuzo ya Nansen ya kuwatumikia wakimbizi. Fedha za Forlì hazikuwa nyingi. Zilikuwa za kutegemewa, na kwa kazi ile hilo ndilo lililofaa.

Mambo mengine hayawezi kuharakishwa hata mfadhili angetaka. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 97.5 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa, miaka mitatu baada ya sheria ya kuharamisha tendo hilo kupitishwa. Kubadilisha jambo lililokita hivyo ni kazi ya mazungumzo na mama, na bibi, na imamu, na kijana atakayeoa, mwaka baada ya mwaka, na anayezungumza awe mtu atakayekutana nao tena kwenye harusi na kwenye maziko. Ruzuku ya miezi kumi na miwili huleta mazungumzo ya miezi kumi na miwili, pamoja na sherehe ya kufunga mradi ambapo watu mia tatu hutia sahihi tamko na kula pilau. Pilau huwa nzuri.

Kuna pia suala la hofu, ambalo wanaotoa fedha hulitaja kwa maneno mazuri na kulilipia kwa shida. Baada ya milipuko ya Agosti 1998 ya Nairobi na Dar es Salaam, serikali ya Kenya ilitangaza kuyafutia usajili mashirika matano ya Kiislamu. Tawi la Kenya la Al-Haramain, lililokuwa likifanya kazi Dadaab, liliwekwa na Marekani kwenye orodha ya wanaofadhili ugaidi Januari 2004. Sina haja ya kulitetea shirika hilo. Ninachosema ni kwamba baada ya hapo kila chama chenye neno la Kiarabu katika jina lake kilijikuta kikieleza kisichokuwa. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilifunga akaunti kadhaa na kusimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Mashirika mawili ya haki za binadamu ya Pwani, Haki Africa na MUHURI, yalikuwa kwenye orodha, na mahakama ikaamuru baadaye mwaka huo akaunti zao zifunguliwe. Leseni za hawala zilirudishwa baada ya miezi michache. Kwa familia za Garissa zinazoishi kwa pesa za jamaa walioko ng'ambo, miezi hiyo ilikuwa na siku nyingi.

Usalama unapoharibika, wageni huondoka, na hawana kosa. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa Kihispania wa Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa Dadaab na kushikiliwa hadi Julai 2013. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa katika kaunti hizi. Kila mara kazi iliwaangukia waliobaki: vijana waliomaliza kidato cha nne wakashika chaki, mashirika ya wenyeji yakapewa usambazaji. Katika lugha ya wafadhili hili huitwa kuhamisha utekelezaji. Kwa hakika kinachohamishwa ni hatari. Mgeni huwa na bima, gari la askari na tiketi ya ndege. Mwenyeji huandikiwa katika mkataba kwamba atawajibika mwenyewe kwa usalama wa watu wake.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Mashirika ya wenyeji si malaika. Kuna yale ya mkobani, ambayo ofisi yake ni simu ya mwenyekiti na bodi yake ni mke, shemeji na binamu. Kuna yanayoajiri ukoo mmoja na kuchimba kisima mahali ambapo ukoo mwingine hautakunywa bila ruhusa. Ajira na zabuni katika kaunti hizi hupimwa kwa hesabu za koo, na shirika lisilojua hesabu hizo halidumu, ilhali lililozitii mno halimtumikii mhitaji. Kwa hiyo mfadhili anayedai hesabu zilizokaguliwa hakosei. Anakosea anapodhani kwamba ukaguzi wa Nairobi utaona kile ambacho soko la Garissa limekiona. Mkaguzi hukuta risiti zote zikiwa sawa, kwa kuwa wenye kuiba hujifunza risiti mapema kuliko wengine. Orodha ya waliopokea msaada ikibandikwa ukutani mwa ofisi ya chifu, na nyingine mlangoni mwa msikiti, kabla ya mgao na baada yake, itakaguliwa na watu wanaojua nani ni mjane na nani ana malori mawili. Ukaguzi huo hauna ada.

Wapo wanaosema, basi, wenyeji wajitegemee. Jamii ya Kisomali ina qaaraan, mchango wa ukoo kwa aliyepatwa na janga; ina desturi ya kumkopesha aliyefilisika ngamia au ng'ombe wa kukamua mpaka asimame; wanawake wana hagbad, mchezo wa kupokezana pesa ambao Mkenya yeyote wa chama angeutambua. Mwaka 2011 Wakenya walionyesha wanaweza kutoa: kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyoongozwa na Shirika la Msalaba Mwekundu, Safaricom Foundation, benki ya KCB na wenye vyombo vya habari, ililenga shilingi milioni 500 na kulipita lengo hilo. Yote ni kweli na yote ni fahari. Lakini mifumo ya kusaidiana hufanya kazi vizuri pale ambapo mmoja ameanguka na tisa wamesimama. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika maeneo kame ya Kenya, na watu zaidi ya milioni nne wakahitaji msaada. Huwezi kumkopa ndugu ng'ombe wa kukamua ambaye amekufa pamoja na wako. Kwa ukame wa namna hiyo lazima fedha zitoke nje ya eneo, na ndiyo sababu hoja ya ruzuku haiwezi kufungwa kwa kusema tu watu wajitegemee.

Kisha ikaja tarehe 20 Januari 2025. Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani siku ya kwanza ofisini, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa kama shirika. Mwaka huohuo mgao wa chakula wa kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Mashirika ya wenyeji yaliyokuwa ngazi ya tatu au ya nne yalipata habari kwa barua pepe: kazi isimame leo. Mengine yalikuwa yameshatumia fedha zao, au za wauza duka, kwa matumaini ya kurudishiwa. Iliyokatika hapo ilikuwa zaidi ya fedha. Mlolongo mrefu ulionyesha kwamba hauna akiba hata katika kiungo kimoja, kwa kuwa kanuni zenyewe zilikataza akiba. Shilingi iliyobaki mwisho wa mradi hurudishwa. Anayeibakiza huonekana hakupanga vizuri.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa, na mengine yameshajaribiwa. Mpango wa kitaifa wa kukabiliana na njaa, HSNP, ulianza miaka 15 na zaidi iliyopita katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na kwa muda mrefu ulizilipa kaya zipatazo 100,000 shilingi 2,700 kwa mwezi kupitia akaunti za benki, ukiongeza wapokeaji pale vipimo vya setilaiti vilipoonyesha uoto umekauka. Garissa iliingizwa baadaye. Labda ilionekana ina mto. Ubora wa mpango ule ulikuwa kwamba malipo yaliweza kutabirika na nyongeza ilifuata kipimo badala ya kusubiri picha za mizoga kwenye televisheni. Kinachowezekana kwa kaya kinawezekana kwa shirika. Mfadhili anaweza kulipa gharama za msingi za shirika kwa miaka mitano, yaani mhasibu, kodi, gari na bima ya wafanyakazi, na kuweka kando fungu linalofunguka lenyewe mamlaka ya ukame inapotangaza kaunti imefika hatua ya hatari. Mtandao wa ASAL Humanitarian Network, unaoyaunganisha mashirika ya maeneo kame ya Kenya, unaweza kuwa mlango mmoja wa kupitishia fedha hizo, badala ya kila moja kugonga milango kumi.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa sahihi Januari 2013. Ungedhani ilianza kutumika Mei 2014. Ilikuwa Mei 2024. Katika miaka 11 ya kungoja, mwaka 2013, kulikuwa na jaribio bungeni la kuwekea mashirika kikomo cha asilimia 15 ya fedha za nje, likashindwa. Sasa kwa kuwa sheria inafanya kazi, kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zinaweza kutunga utaratibu wa kutoa ruzuku kwa mashirika ya wenyeji kutoka bajeti zao, kwa ushindani na kwa uwazi. Kaunti inayompa mkandarasi zabuni ya kusambaza maji kwa malori kila kiangazi inaweza pia kulipa kamati inayotunza kisima ili malori yasihitajike. Najua hoja ya pili haina wakandarasi wengi wa kuipigania.

Na wenye mali wa Garissa wana sehemu yao. Zaka hugawanywa kwa maskini mwaka uleule, na ndivyo inavyopasa. Lakini wakfu ni jambo jingine: mali huzuiwa isiuzwe, na pato lake hutumika kwa kheri milele. Miji ya Pwani imeishi na wakfu kwa vizazi vingi. Garissa ina soko la mifugo ambalo ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki, ina maduka yasiyohesabika, ina wafanyabiashara wenye majengo Eastleigh, Nairobi. Jengo moja la ghorofa tatu likifanywa wakfu kwa mashirika ya kaunti, chini ya wasimamizi wa koo mbalimbali na hesabu zinazobandikwa hadharani, lingelipa wahasibu kadhaa kila mwezi bila kumwomba mtu yeyote ripoti ya Kiingereza. Mfadhili wa ng'ambo angekuta shirika ambalo linaweza kumkatalia masharti mabaya, na kwa sasa hakuna chombo cha kujenga uwezo kilicho bora kuliko hicho. Ombaomba hujengewa uwezo maisha yake yote. Mwenye pato la kodi hujadiliana.